Ndoo Iliyotangulia Madhabahuni

Mwaka una siku nyingi, lakini nyumba ya Saturnini iliishi kwa ajili ya siku moja. Haikuwa Krismasi, wala Pasaka, wala ile siku fedha za korosho zinapoingia na kijiji kizima kikanukia nyama ya kukaanga. Ilikuwa Jumapili ya Mavuno, mwezi wa nane, pale kigangoni kwao katika kata ya Mkotokuyana. Siku hiyo kila jumuiya huingia kanisani ikicheza na mizigo kichwani. Misa ikiisha, kila kilichotolewa hunadiwa uwanjani, kuanzia mbuzi hadi kifungu cha bamia. Na mnadi, huu ukiwa mwaka wa tisa mfululizo, alikuwa Saturnini mwenyewe.

Siku nyingine zote Saturnini alikuwa mtu wa kusahaulika. Kwenye mkutano wa kijiji aliinua mkono mpaka ukachoka na mwenyekiti asimwone. Kwenye ghala la korosho walimwambia asogee, na alisogea. Lakini mpe kipaza sauti! Mtu huyo alikuwa na sauti ya kumtoa mgonjwa kitandani. Aliweza kusimama na boga moja mkononi akalisifia mpaka mwenye shamba zima la maboga akalinunua.

Mkewe Dionisia aliipenda siku hiyo kuliko alivyokiri. Kwa mwaka mzima alikuwa mama Jenifa wa kule karibu na kisima. Jumapili ya Mavuno watu walimsogezea benchi.

Jumamosi, siku moja kabla, nyumba ilikuwa haikaliki kwa shamrashamra. Jenifa, binti yao wa darasa la saba, alikuwa anafanya mazoezi ya kutembea na mzigo kichwani bila kuushika, kwa sababu mwaka huu yeye ndiye angetangulia mbele ya jumuiya yao. Saturnini alikuwa ameshapiga pasi koti lake la kijivu mara mbili. Alikunywa tangawizi kwa asali, akakohoa, akamkamata jogoo wa jirani aliyekuwa anapita uani.

"Mama Jenifa, sikiliza kama sauti inatoka. Ndugu zanguni! Jogoo huyu anawika kwa Kiswahili sanifu! Nani ana elfu kumi?"

"Muachie jogoo wa Prisila kabla hujatupeleka kwa mtendaji," Dionisia alisema, lakini alikuwa anacheka.

"Elfu kumi ya mama mwenye kitenge cha njano! Ya kwanza! Ya pili!"

Mamaye Saturnini, Bibi Klementina, alikuwa ameketi mkekani akipepeta mtama. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, lakini vidole vyake viliona kila kitu. "Mwaka huu tunatoa nini?" aliuliza.

Shamrashamra zikapoa kidogo. Mvua ilikuwa imekatika mwezi wa pili, mahindi yakiwa yanaanza kubeba. Nyumba nyingi zilivuna mabua.

"Tunatoa njugu, mama," Dionisia akajibu. "Ndoo moja. Ipo pale mlangoni."

Bibi Klementina akanyoosha mkono, akaingiza vidole ndani ya ndoo. Zilikuwa njugu mawe zilizosinyaa, nyepesi, nyingine zimetobolewa. Akazisugua kwa dole gumba, akazirudisha.

Ukweli ni kwamba ndani ya nyumba kulikuwa na ndoo mbili, zote nyeupe, zote za lita ishirini, zote zilizowahi kuwa za rangi ya ukutani. Ya pili ilikuwa uvunguni mwa kitanda cha Dionisia, imejazwa mpaka mdomoni na kufunikwa kwa nguvu. Hiyo ilikuwa mbegu.

Miaka minne iliyopita Bibi Klementina alikuwa amempa mkwewe vikombe vitatu vya njugu mawe kutoka kwenye kibuyu alichokuja nacho kutoka Chinongwe alipoolewa. Zilikuwa za rangi mchanganyiko. Dionisia alizipanda, na wakati wa kuvuna akatenga zile nyekundu zilizokomaa kabla ya nyingine. Mwaka uliofuata akafanya hivyo hivyo, na uliofuata tena. Jioni baada ya jioni aliketi na ungo mapajani akichagua moja moja, watu wakimcheka kwamba anacheza bao peke yake. Mwaka huu mvua ilipokatika na njugu za kijiji kizima zikafia ardhini, za Dionisia zilikuwa zimeshakomaa. Ndoo moja ya mbegu ingetosha ekari nzima. Mbegu ya namna hiyo huwezi kuikuta dukani, si Nachingwea wala Ruangwa.

Zamani mbegu ilikaa juu ya dari la jikoni, kwenye moshi. Lakini bwana shamba alikuwa amewafundisha kina mama kwamba ndoo ikijaa na kufunikwa barabara, wadudu hukosa hewa wakafa. Dionisia alizishusha mbegu kutoka darini, akazitia kwenye ndoo, akaisukuma uvunguni. Hakumwambia mama mkwe. Alijua ingekuwa kesi ya wiki nzima, mbegu kukaa ndani ya plastiki kama mafuta ya kula.

*

Jumapili Dionisia aliondoka nyumbani kabla jua halijatoka, kwa kuwa alikuwa na zamu ya kupika. Aliyoyakosa alikuja kuelezwa baadaye.

Bibi Klementina aliamka, akapapasa ndoo ya mlangoni kwa mara nyingine, na moyo ukamuuma. Mwanawe atasimama mbele ya parokia nzima, na kutoka nyumbani kwake zitaletwa njugu za kulishia kuku! Akaingia chumbani kutafuta upande wa kanga. Mguu wake ukagonga kitu kizito uvunguni. Akakivuta. Akafungua kifuniko, na vidole vyake vikazama kwenye njugu nene, nzito, laini kama shanga.

Kwamba zile ni mbegu halikumpitia akilini. Mbegu hukaa juu ya moto, hivyo ndivyo alivyojua tangu azaliwe. Aliona jambo moja tu: mkwewe anamficha Mungu njugu nzuri, anampa makapi. Na yeye si mtu wa kugombana. Alimwita Jenifa.

"Mjukuu wangu, beba hii. Ile nyingine waachie kuku."

"Mama alisema ile ya mlangoni, bibi."

"Mama yako alikuwa na haraka. Beba."

Jenifa akabeba. Na alivyobeba! Kutoka barabarani mpaka mlango wa kanisa alicheza mbele ya jumuiya yake na ndoo kichwani, mikono kiunoni, kwaya ikimpigia ngoma na akina mama wakimtandikia kanga zao akanyage. Padre mwenyewe aliposhika ile ndoo alisimama kidogo, akaangalia ndani, akaitikia kwa kichwa.

Wakati huo Dionisia alikuwa nyuma ya nyumba ya katekista, macho yamejaa moshi, akigeuza wali wa watu mia mbili. Alisikia vigelegele. "Hao ni jumuiya yetu," alimwambia Prisila, jirani yake, akifuta jasho. "Huyo ni mwanangu."

*

Mnada ulipoanza uwanja ulikuwa umejaa mpaka juu ya matofali ya nyumba mpya ya padre. Wakristo, Waislamu, wachuuzi kutoka Nachingwea, bodaboda waliozima pikipiki zao ili wasikie vizuri. Mnada wa Saturnini hauna dini, watu husema. Miongoni mwao alikuwepo Twaha, mchuuzi mnene mwenye kofia ya kufuma, ambaye kila mwaka huja na fedha taslimu na mdomo mchafu. Yeye Myao, Saturnini Mmwera. Walitaniana mpaka wageni wakadhani watashikana mashati.

"Twaha umefika!" Saturnini alinguruma kwenye kipaza sauti. "Ficheni kuku! Ficheni na vifaranga!"

"Nimefuata jogoo, si mahubiri yako," Twaha akajibu. "Na jogoo hana kipaimara!"

Watu walicheka mpaka wakashikana. Jogoo akaenda elfu ishirini na mbili. Mkungu wa ndizi ukaenda elfu kumi na tano. Mayai matatu, matatu tu, Saturnini aliyapandisha mpaka elfu tisa kwa kuapa kwamba yametagwa wakati wa Baba Yetu. Katekista Fortunatus, aliyekuwa mezani na daftari, alikuwa anafuta machozi ya kucheka.

Dionisia alitoka jikoni akijifuta mikono, akasogezewa benchi kama kawaida. Hakukaa. Alitaka kusimama amwone mumewe vizuri, alivyonyooka ndani ya lile koti, alivyokuwa mrefu siku hiyo. Saturnini akainama, akainua ndoo nyeupe kwa mikono miwili, akaiweka juu ya meza. Akachota njugu, akazimwaga kutoka kiganja kimoja kwenda kingine, taratibu, ili jua lizipige.

Zilikuwa nyekundu tupu.

Dionisia aliijua kila moja.

"Ndugu zanguni," Saturnini alianza, na sauti yake ilikuwa ya chini kwanza, ile ya kuvuta watu. "Mwaka huu mlivuna nini? Mlivuna majani. Mlivuna vumbi. Sasa tazameni mkono wangu. Hizi ni njugu au ni shanga za malkia? Zimetoka jumuiya gani? Ya kwangu! Zimetoka nyumba gani? Mniulize mimi!"

Yeye mwenyewe alikuwa hajui kitu. Alidhani mkewe alikuwa amechambua zile za mlangoni usiku, akatoa mbovu. Mambo ya mbegu alimwachia mkewe; yeye alichojua ni kwamba mwezi wa kumi na mbili huwa zinakuwepo.

Dionisia alipenya mpaka kwenye meza ya Fortunatus. "Katekista, hiyo ndoo imekosewa. Si ya kutoa. Nitaleta nyingine, naomba."

"Imekosewaje, mama? Imeingia kwa ngoma, padre ameibariki."

"Ni mbegu yangu."

Fortunatus alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio uliofanya maneno yawe mazito zaidi. "Mama Jenifa, kilichopita madhabahuni hakirudi nyumbani kwa mlango wa nyuma. Nikikuruhusu wewe, kesho mwenye mbuzi atafuata mbuzi wake. Unaitaka? Inua mkono ununue kama wengine. Sasa hivi ipo elfu kumi na tano."

Alikuwa na elfu thelathini kwenye fundo la kanga, fedha za maandazi ya miezi mitatu. Akainua mkono.

"Elfu ishirini!"

Uwanja ukalipuka. Saturnini akamtazama mkewe, uso ukamchanua. "Jamani mnaona? Mama Jenifa ananunua cha kwake! Mwanamke aliyezilima anajua utamu wake! Ishirini, ya kwanza!"

"Ishirini na tano," Twaha akasema, akichokonoa meno.

"Baba Jenifa, subiri..." Dionisia aliita, lakini spika ilikuwa kubwa kuliko kifua chake.

"Kaongeza! Mkono uko juu, ngapi hiyo?"

"Thelathini!"

"Thelathini ya mke wangu! Twaha, mtani wangu, unashindwa na mwanamke?"

Watu wakapokea: "Unashindwa na mwanamke! Unashindwa na mwanamke!" Mpaka watoto juu ya matofali wakawa wanaimba. Twaha akaacha kuchokonoa meno. "Thelathini na tano," akasema, na hapo hakuwa anacheka sana.

Dionisia akamgeukia Prisila aliyekuwa amemfuata nyuma. "Una ngapi?"

"Za nini wewe? Umechanganyikiwa?"

"Una ngapi, Prisila!"

Prisila akafungua fundo lake. Elfu kumi na mbili. Hakuuliza tena.

"Arobaini na mbili!"

Saturnini aliruka juu kabisa, na koti likaruka naye. Alielewa sasa, au alidhani ameelewa: mkewe anamsaidia. Anampandishia Twaha! Kwa miaka minane aliifanya kazi hii peke yake, na leo mama Jenifa ameingia uwanjani kama mwenzake. Akamkonyeza. Dionisia aliona ule ukonyezo, mdogo, wa mapenzi, wa kijana aliyemposa zamani.

"Twaha! Ukirudi Nachingwea mkeo Zena akikuuliza umeleta nini utasema nini? Utasema mwanamke wa Mkotokuyana amekufunga mdomo?"

"Arobaini na tano!"

"Hamsini," Dionisia akasema. Hakuwa nazo. Hajawahi kuzishika hamsini zote pamoja tangu msimu wa korosho.

"Sitini!" Twaha akanguruma. "Sitini, na mtu mwingine asiniletee mchezo!"

Sitini. Hakuna ndoo ya njugu iliyowahi kufika sitini pale. Dionisia akafungua mdomo, na Saturnini akatikisa kichwa kidogo sana, kumwambia inatosha, tusije tukanasa wenyewe.

"Ya kwanza! Ya pili!" Saturnini akavuta pumzi. Uwanja mzima ukavuta naye. "Ya tatu! Imekwenda!"

Ngoma zikapigwa. Fortunatus akaandika. Kijana wa pikipiki wa Twaha akaja akafunga ile ndoo kwa mpira nyuma ya pikipiki yake pamoja na jogoo wawili, akawasha, akaondoka. Zena, mke wa Twaha, huuza njugu za kuchemsha, na kesho yake ilikuwa siku ya gulio Ruangwa.

*

Dionisia alimfikia mumewe alipoinama kuokota boga. Alimsemea sikioni maneno manne. "Ile ilikuwa mbegu yetu."

Saturnini alibaki ameinama. Kipaza sauti kilikuwa wazi, na uwanja mzima ukasikia pumzi yake mpaka alipokifunika kwa kiganja.

"Yote?"

"Yote."

"Sasa... mbona ulitaja bei na wewe?"

"Nilikuwa nainunua, baba Jenifa. Wewe ndiye uliyekuwa unaipandisha."

Watu walianza kupiga makofi ya kuhimiza. "Boga! Boga! Saturnini, boga!" Alinyooka. Kulikuwa na mbuzi, maboga, viroba vya muhogo mkavu, na asingeweza kuviacha. Kigango kilimtegemea yeye. Alinadi. Wanaojua walisema baadaye kwamba mbuzi yule angefika mbali, lakini aliondoka kwa bei ya mbuzi.

Alipomaliza, alikwenda moja kwa moja kwa Twaha, mkewe pembeni. Akaeleza. Twaha alisikiliza akiwa amekunja mikono.

"Kwa hiyo nirudishe."

"Nakuomba, mtani. Sitini yako nitakulipa msimu wa korosho. Mpigie Zena, mwambie asiiguse."

"Leo mtani. Saa ile nilikuwa nani? Watoto wamenitia midomoni huko nyuma, nikienda kukojoa wananiimbia. Nashindwa na mwanamke! Zena akisikia huo wimbo nitalala wapi?" Akatafakari, na kicheko kikaanza kumrudia. "Basi. Mimi si mtu mbaya. Rudi kwenye spika yako. Waambie Twaha hajashindwa na mwanamke. Waambie Twaha ni dume. Halafu twende zetu."

"Tukifika Nachingwea..."

"Spika kwanza, mtani!"

Mafundi walikuwa wameshaanza kukunja nyaya. Saturnini aliwaomba wazirudishe. Nyaya zikarudishwa, jenereta ikagoma, ikavutwa mara tano, ikawaka. Watu waliokuwa wanatawanyika wakarudi mbio, wakidhani kuna kitu cha mwisho cha kunadiwa.

"Ndugu zanguni," Saturnini alisema, na ile sauti ilikuwa kama imekopwa. "Natangaza kwamba Twaha hajashindwa na mwanamke."

"Malizia!" Twaha alipiga kelele toka chini.

"Twaha ni dume."

Lo, kicheko kilichopigwa! Hakuna utani wa miaka tisa uliochekwa namna ile. Mwenyekiti wa kijiji alimshika Saturnini begani, akamwita kwa jina lake, jina kamili, kwa mara ya kwanza. Dionisia alisimama chini na mikono yake yenye masizi, akitazama jua lilivyosogea juu ya paa la kanisa.

Twaha alipiga simu, mara moja, mbili. Haipatikani. "Ameipeleka kuchaji," akasema, na sasa ndipo alipouona uso wa Dionisia vizuri. Kicheko kikamtoka. Alikuwa mtoto wa mkulima naye. "Shemeji," akasema kwa sauti nyingine, "hiyo ni mbegu ya kweli? Ya pekee?"

"Ya pekee."

"Pandeni pikipiki. Pandeni upesi!"

*

Walikwenda wawili nyuma ya bodaboda mmoja, Twaha akitangulia na mwingine. Vumbi la mwezi wa nane liliwafanya wote wawe weusi na wekundu kama wametoka kufyatua matofali. Saturnini alimshikilia mkewe kiunoni na mara mbili alifungua mdomo, vumbi likaingia.

Zena alikuwa uani kwake, mwanamke mrefu mwenye hina vidoleni, anacheka hata kabla hajajua wageni ni nani. "Karibuni! Baba watoto, leo umeniletea mali! Nimeuza njugu miaka saba sijaona kama hizi. Hakuna hata moja mbovu. Moja! Tazama."

Akafunua sufuria kubwa. Zilikuwepo. Zilikuwa zimelala ndani ya maji, nyekundu, zinang'aa, nzima kabisa, na Dionisia aliruka akaingiza mkono kuzitoa.

Akautoa haraka kuliko alivyouingiza.

"Maji ya moto?"

"Ya moto, dada yangu, yametoka kuchemka. Kwa ya baridi zingeiva lini, na gari la Ruangwa ni alfajiri? Nimeyamimina sasa hivi tu, hata robo saa haijapita." Akawaangalia mmoja baada ya mwingine. "Kwani vipi? Baba watoto, mbona umekaa chini?"

Twaha alikuwa ameketi kwenye kizingiti na kofia yake mkononi. Robo saa. Kila mtu pale isipokuwa Zena alijua robo saa ile ilikwenda wapi.

Alipoelezwa, Zena alipiga mikono kichwani, akakimbilia ndani, akatoka na ile ndoo nyeupe. Sufuria lilikuwa limejaa. Chini ya ndoo kulibaki zilizokosa nafasi. Akazipima kwa kikombe chake cha biashara, akazimimina kwenye mfuko. Kimoja. Viwili. Vitatu. Hakutaka hata senti. Twaha alisema deni la sitini lisitajwe tena, na akalisema bila utani.

Wakiwa wanangoja bodaboda, Zena, asiyejua afanye nini kingine kwa wageni, aliwasha moto chini ya sufuria, na baadaye akawaletea sahani. Saturnini alikataa. Dionisia alichukua moja, akaimenya, akaila. Aliitafuna polepole, mpaka mwisho.

"Ni tamu," akasema.

*

Bibi Klementina alikuwa mlangoni akiwasubiri, amejifunga kanga yake ya kanisani, na Jenifa pembeni yake hakuweza kutulia. Habari zilikuwa zimefika nusu tu, kama kawaida ya habari njema.

"Zilifika ngapi?" bibi aliuliza.

"Elfu sitini, mama," Dionisia alijibu.

Bibi akapiga kigelegele. Kwa meno yale yaliyobaki, kwa kifua kile, alikipiga kirefu, cha bibi harusi, mpaka Prisila akaitikia kutoka kwake. Saturnini aligeuza uso ukutani.

Dionisia hakuwa na hasira ya kutosha ya kumnyamazisha. Alipiga magoti mbele yake, akafungua mfuko, akauchukua mkono wa mama mkwe na kuuingiza ndani. Vidole vikapapasa. Dole gumba likasugua moja, likasimama.

"Hizi ni zangu," bibi alisema. "Za Chinongwe."

"Ndiyo, mama. Ndizo mbegu. Ndizo zilizokuwa kwenye ndoo."

"Mbegu hukaa juu ya moto."

"Nilizishusha."

"Hukuniambia."

"Sikukuambia, mama."

Jenifa alianza kulia bila sauti. Alikuwa anajitazama miguu yake, ileile iliyocheza juu ya kanga za watu.

"Ngapi zimebaki?" bibi akauliza.

"Vikombe vitatu. Kama vile ulivyonipa."

"Miaka minne," Saturnini alisema akiwa bado anatazama ukuta. Ile sauti ilikuwa imekatika kabisa, imebaki mkwaruzo. "Miaka minne mingine mpaka zirudi ndoo."

Bibi Klementina aliutoa mkono wake kwenye mfuko na kuuweka mapajani, kiganja juu.

"Mimi sina miaka minne," alisema.

Hakusema kwa kulalamika. Aliisema kama mtu anayetaja idadi ya kuku alionao.

Dionisia alibaki amepiga magoti. Alifikiria mwezi wa kumi na mbili ulivyo mbali. Kisha akafikiria Chunyu, kwa Severini, mpwa wake bibi, ambako kuna bonde linaloshika maji mpaka mwezi wa kumi, na watu hupanda mchicha wakati huku vumbi linapaa. Njugu zake hizi zina mbio. Zikiingia ardhini wiki hii zitavunwa kabla mvua haijaanza, na mvua ikianza zitapandwa tena. Mara mbili kwa mwaka.

"Mama," akasema, "lile bonde la Severini, udongo wake unashika jembe au unatitia?"

Bibi aligeuza macho yake yenye ukungu kuelekea sauti ile. "Juu kidogo, pale kwenye mkonge, hautitii."

"Basi kesho nakwenda Chunyu. Jenifa, lete kibuyu cha bibi."

Saturnini akageuka. Akavua koti, akalitundika kwenye msumari wake, akatoka nje. Baada ya muda wakamsikia uani, anagonga mpini wa jembe kwenye jiwe ili ukaze.